Wakili Mpya na Hesabu ya Siku

Kijana aliyehitimu shahada ya sheria, akapita Law Development Centre pale Makerere, kisha akaandikishwa kuwa wakili, huingia katika ofisi kubwa ya mawakili mjini Kampala akitazamia kusimama mbele ya jaji wa Mahakama Kuu. Badala yake hukabidhiwa rundo la majalada. Wengi huvunjika moyo, na kumbe kazi yenyewe imo humo.

Tuseme mjane ameletewa samansi juu ya kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Kwa kanuni za mashauri ya madai za Uganda, mdaiwa hupewa siku 15 tangu kupokea samansi ili awasilishe utetezi wake kwa maandishi. Siku hizo zikipita, mdai aweza kuomba shauri lisikilizwe upande mmoja. Kuomba nafasi tena kunaruhusiwa, lakini kuna gharama, na jaji halazimiki kukubali. Basi swali la kwanza la wakili mpya na liwe hili: samansi ilipokewa tarehe gani? Jibu liandikwe katika jalada na katika shajara ya ofisi, lisiachwe kichwani.

La pili ni kuuliza mapema. Mkubwa wa ofisi ana shughuli nyingi, na kijana huona haya kumbishia mlango. Lakini swali la siku ya 3 huchukua dakika chache; la siku ya 16 huweza kumpotezea mjane kiwanja. Asome kwanza jalada lote, aandike maoni yake kwa ufupi, ndipo aende. Akikosea, aseme siku ile ile, maana mficha uchi hazai.

La tatu, awaheshimu makarani wa ofisi na wa masjala ya mahakama, ambao humwonyesha mengi yasiyofundishwa darasani.

La nne ni fedha. Fedha za mteja huwekwa katika akaunti ya peke yake. Wakili azitumiaye kwa haja zake huweza kufikishwa mbele ya Kamati ya Nidhamu ya Baraza la Sheria na kufutwa katika orodha ya mawakili.

Wazazi nao wasimtake kijana motokari na nyumba katika mwaka wa kwanza. Haja ya fedha ya haraka ndiyo iwapotezayo wengi. Mvumilivu hula mbivu.