Acheni Kusingizia Uzee wa Gari, Tengenezeni Geji

Wasee wa Mbooni, leo nawachokoza. Mkitaka kunijibu, uwanja ni wenu.

Huu msemo wa "geji ya gari la zamani haiaminiki" umetulemaza. Kila mwenye Peugeot 504, Land Rover Series ama Datsun ya mzee anausema kwa fahari, kama vile kukisia mafuta ni urithi wa ukoo. Halafu ukiangalia nyuma ya kiti unapata jerikeni ya lita 5 ya petroli, "ya dharura", na mtoto amekaa kando yake. Hiyo mnaita uzoefu? Mimi naita bomu.

Haya magari si mapambo. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504 akashinda 1975 na 1978. Wenye pesa zao huzipeleka magari ya aina hii Concours d'Elegance kule Nairobi yakaangaliwe. Huku kwetu bado yanapanda mlima na avokado, simiti, na wakati mwingine mgonjwa. Ukizimikiwa usiku kati ya Tawa na Kikima na mama mjamzito ndani, utamwambia nini? Kwamba geji ni ya zamani?

Na kuna hesabu hatuifanyi. Septemba 2023 petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita. Wangapi wetu hujaza tangi? Tunaweka ya mia tano, kesho tena ya mia tano. Maana yake tunaishi chini kabisa ya tangi, pale ambapo sindano ikikosea kidogo tu unabaki barabarani. Mwenye tangi limejaa anaweza kuvumilia geji mbovu. Sisi hatuwezi.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hii kitu si uchawi. Ndani ya tangi kuna boya kwenye mkono. Mafuta yakishuka, boya linashuka, na mkono unasugua waya mwembamba uliozungushwa, hivyo umeme unaopita unabadilika. Geji kwenye dashibodi inasoma huo umeme, basi. Kuna boya, waya, athi na geji. Vitu vinne, na mafundi wetu wengi hukimbilia cha mwisho, kwa sababu ndicho kinauzwa.

Gari la babu yangu lilitoka kupakwa rangi likiwa linang'aa, lakini geji imekufa. Fundi akasema tununue seti nzima ya dashibodi. Kumbe rangi ilikuwa imefunika pale tangi linapogusana na bodi, na athi ikapotea. Athi ya umeme, si ule mto wetu. Dawa ikawa msasa na kipande cha waya.

Kupima ni hivi. Swichi ikiwa imezimwa, chomoa waya wa boya pale kwenye tangi. Washa swichi, angalia sindano imesimama wapi, kisha zima. Sasa unganisha ule waya na chuma cha bodi kwanza, ndipo uwashe tena, ili cheche isitokee karibu na mafuta. Usiache zaidi ya sekunde chache. Sindano ikitembea kutoka upande mmoja hadi mwingine, geji yako ni nzima na waya ni mzima. Ugonjwa uko kwenye tangi: athi, boya lililotoboka likazama, ama ule waya wa kusuguliwa umekwisha. Mtu akitaka kukuuzia geji baada ya hapo, mwambie kwaheri.

Wenye Land Rover na magari mengine ya Uingereza, nyinyi mna jambo la ziada. Mengi yana kidude nyuma ya dashibodi kinachoshusha umeme wa betri hadi volti 10. Ukiona geji ya mafuta na ya joto zote zimepanda pamoja, usisherehekee. Hicho kidude kimekufa ama kimekosa athi.

Na jamani, mtindo wa kutoa boya la gari lolote na kulipachika popote ukome. Kuna magari ambayo ukinzani hushuka tangi likijaa, kutoka kama omu 240 hadi karibu 30. Mengine, kama mengi ya Marekani, hupanda kutoka 0 hadi 90. Ukichanganya, sindano inasema umejaza siku ambayo tangi limekauka.

Ukimaliza kutengeneza, pima. Egesha mahali tambarare, tangi likiwa tupu, mimina lita 5, subiri dakika moja maana sindano nyingi za zamani ni za polepole, weka alama. Rudia. Land Rover fupi ya lita 45 ni mizunguko tisa, asubuhi moja tu. Utagundua nusu ya geji si lazima iwe nusu ya tangi, kwa sababu tangi halina umbo la sanduku. Andika kwenye karatasi, bandika ndani ya gari. Na usisome geji ukiwa kwenye mteremko. Kwa milima yetu mafuta hukimbilia upande mmoja na boya linafuata, ndiyo maana sindano "inacheza".

Najua kuna mzee atasema, "Beetle za kwanza hazikuwa na geji na tulifika." Kweli mzee wangu. Lakini zilikuwa na koki ya akiba. Gari likianza kukohoa unageuza koki, na unajua umebaki na kiasi gani. Dereva hakukisia. Na hata kijiti sikikatai, ila huwezi kukitumbukiza ukiwa katikati ya mlima, na kwenye magari mengi shingo ya tangi imepinda, hakifiki chini.

Kwa hivyo fundi akikuambia "ni uzee tu, zoea", muulize swali moja: athi umepima? Kama hajapima, usimlipe. Na ile jerikeni itoe kwenye gari leo.