Paska Nyumbani mwa Washona Mahema



Paska inapokaribia, kila mama wa nyumba huanza kuhesabu: unga, mafuta, mchele, nguo za watoto, na wale wageni wanaokuja pasipo kuitwa. Baba naye huhesabu, ila yeye huhesabu fedha, na mara nyingi hunyamaza. Huko misioni kanisa limepambwa, waimbaji wamejizoeza nyimbo zao, na Padri ameketi tangu asubuhi akiungamisha. Watu wengi wametengeneza sikukuu, nasi twaikuta tayari.

Lakini je, mmepata kuifikiri jamaa iliyo ugenini, mahali pasipo na kanisa wala altare wala kengele, tena pasipo shangazi wa kusaidia jikoni? Sikukuu inawafikia hao pia. Nani atawatengenezea? Juma hili napenda kuwaeleza habari za mume na mke walioishi hivyo karibu miaka elfu mbili iliyopita. Majina yao mmeyasikia yakisomwa kanisani, na pengine yamepita tu masikioni kama majina mengine ya watu wa kale: Akwila na Priska. Mtakatifu Luka humwita mke Priskila. Ni jina lile lile, lakini kwa namna ya kubembeleza, kama watu wa nyumbani wanavyomwita mtu wao.

Akwila alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Ponto, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi, kaskazini ya Uturuki ya leo. Alikuwa akikaa Roma na mkewe. Halafu Kaisari Klaudio akaamuru Wayahudi watoke katika mji huo. Wataalamu wengi huweka jambo hilo katika mwaka 49. Basi wakaacha nyumba, wakaacha wanunuzi waliowazoea, wakashika njia. Sisi wa mashariki ya Kongo hatuna haja ya kuelezwa sana jambo hili. Wengi wetu wanajua maana ya kufunga mzigo kwa usiku mmoja, na kuchagua kati ya sufuria na godoro.

Wakafika Korintho, katika nchi ya Wagiriki. Mji huo ulikuwa na bandari mbili, moja ikitazama upande wa Italia, nyingine upande wa Asia, hata watu wa kila kabila walikutana humo: mabaharia, wachuuzi, askari waliostaafu, watumwa walioachwa huru. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua huko safu za maduka madogo yenye vyumba vyembamba. Akwila na Priska walikuwa washona mahema. Ni kazi ya sindano nene na mikono migumu, ya kuinama tangu kunapokucha hata jioni.

Siku moja akaja mgeni mwenye kazi ile ile. Alikuwa Paulo. Hakuwa na mali. Wakampa mahali pa kulala na mahali pa kushonea, wakawa watatu katika kazi moja. Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu. Twajua karibu ni lini, kwa sababu Galio, liwali aliyeletewa mashitaka juu yake, ametajwa katika jiwe lililochongwa maandishi lililoonekana Delfi, nalo latuonyesha miaka ya 51 na 52 hivi.

Angalieni vema jinsi mambo yalivyoanza. Watu hawa wawili hawakuondoka Roma kwa kutumwa na mtu yeyote. Walifukuzwa. Lakini kitanda walichompa mgeni ndicho kilichowafanya wamisionari. Paulo alipoondoka Korintho, wao nao wakafunga mahema yao, wakavuka bahari pamoja naye mpaka Efeso. Huko Paulo akawaacha, akaendelea na safari. Mtume amekwenda, jamaa imebaki peke yake katika mji mkubwa, na duka la kufungua kesho yake.

Hawakukaa bure. Akafika mtu aitwaye Apolo, wa mji wa Aleksandria, msomi, mwenye ulimi mwepesi, aliyejua Maandiko sana. Akahubiri katika sinagogi kwa moto mkubwa, lakini ubatizo alioujua ulikuwa ule wa Yohane tu. Akwila na Priska wakamsikiliza. Hawakusimama kumpinga mbele ya watu, wala hawakwenda kumcheka barazani. Walimchukua kwao wakamweleza Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hebu mfikirini msomi yule akifundishwa na washona mahema, mmoja wao mwanamke! Na Priska hakuwa nyuma ya mumewe katika kazi hiyo. Maandiko huwataja wawili hawa mara sita, na katika mara nne jina la mke hutangulia. Katika nyakati zile jambo hilo halikuwa la kawaida, na nadhani mitume hawakuliandika kwa kusahau.

Basi, kanisa lao lilikuwa wapi? Lilikuwa nyumbani mwao. Paulo alisema hivyo walipokuwa Efeso, akasema hivyo tena walipokuwa wamerudi Roma. Kokote walikohamia, kanisa liliingia pamoja na mizigo yao. Wakristu wa siku zile hawakuwa na majengo ya sala. Nyumba ya Kikristu iliyo ya kale kupita zote ambayo wachimbaji wameweza kuitambua wazi ilionekana katika miaka ya 1930 huko Dura-Europos, katika Siria, kando ya mto Efrati. Ilikuwa nyumba ya kukaa watu. Katika karne ya tatu Wakristu walibomoa ukuta kati ya vyumba viwili ili wapate chumba kikubwa, na chumba kingine wakakifanya mahali pa kubatizia, wakakipamba kwa picha: Mchungaji mwema, mwenye kupooza akiponywa, Petro akitembea juu ya maji. Mji ulipokaribia kushambuliwa, askari walijaza udongo katika nyumba zilizo karibu na boma ili kulitia nguvu. Mji ukaanguka, lakini udongo ule ukaihifadhi nyumba.

Dura ni baada ya Priska kwa miaka karibu mia mbili. Yeye hakubomoa ukuta, labda hata hakuwa na ukuta wa kubomoa. Alisogeza ngozi na turubai, akafagia, akaweka mafuta katika taa.

Msidhani kwamba walikuwa na sikukuu nyingi kama zetu. Noeli haikuwako bado. Kitabu cha kwanza tulicho nacho kinachoitaja tarehe 25 Desemba ni kalenda ya Roma ya mwaka 354. Walikuwa na Paska, walikuwa na Pentekoste, na kila juma walikuwa na siku ya Bwana. Lakini hata Dominika ilikuwa siku ya kazi kama siku nyingine, mpaka Kaisari Konstantino alipoamuru mapumziko mwaka 321. Mtumwa alitumikia mpaka bwana wake alipomruhusu. Kwa hiyo waamini walikutana usiku, au kabla ya jua kuchomoza. Karibu mwaka 112 liwali Plinio, aliyetawala huko huko Ponto alikozaliwa Akwila, aliandika kwa Kaisari kwamba Wakristu walikuwa na desturi ya kukusanyika kabla ya mapambazuko katika siku iliyowekwa, kisha kukutana tena kula chakula, na kwamba chakula hicho kilikuwa cha kawaida. Watu walikuwa wamewasingizia mambo ya kutisha. Uchunguzi wake ulikuta chakula cha kawaida tu.

Katika Matendo ya Mitume mmesoma habari za kijana Eutiko. Baada ya siku za Paska, Paulo alisafiri kutoka Filipi akafika Troa. Siku ya kwanza ya juma wakakutana orofani kuumega mkate. Taa zilikuwa nyingi, Paulo akahubiri mpaka usiku wa manane, na kijana aliyeketi dirishani akalala usingizi akaanguka chini toka orofa ya tatu. Walimwokota amekwisha kufa. Paulo akashuka, akamkumbatia, na kijana akarudi mzima. Sisi hucheka tukisikia, nasi hatukosi kumtaja Eutiko mahubiri yanaporefuka. Lakini mimi nadhani kijana yule alikuwa ameshinda kazini mchana kutwa. Tena hakukaa dirishani kwa uvivu: penye watu wengi ndani ya nyumba, vijana hukaa wapi?

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Si kila sikukuu ya nyumbani ilikuwa nzuri.

Huko Korintho, baada ya Akwila na Priska kuhama, waamini waliendelea kukutana katika nyumba za wenye nafasi. Chumba cha kulia cha tajiri wa desturi ya Kirumi kilikuwa na vitanda vitatu, watu watatu katika kila kimoja, wakila wameegemea kiwiko. Yaani watu tisa. Wengine wote hukaa uani. Wataalamu wengine wanafikiri kwamba ndivyo uovu ulivyoingia: rafiki za mwenye nyumba walifika mapema, maana hawakuwa na kazi ya kuwazuia, wakalala vitandani wakala na kunywa. Wapagazi wa bandarini na watumwa walifika usiku, wakakuta masahani matupu. Paulo alipopata habari alikasirika sana. Aliwaandikia kwamba mmoja ana njaa na mwingine amelewa, na kwamba kukutana kwa namna hiyo si kula karamu ya Bwana tena. Kosa kubwa aliloliona ni kuwatahayarisha wale wasio na kitu. Na ilikuwa katika maneno haya ya kukaripia, si katika mahubiri ya siku kuu, kwamba alikumbusha Bwana wetu alivyotwaa mkate usiku ule aliosalitiwa.

Ndugu zangu, tusiwahukumu upesi Wakorintho. Maaskofu wa Kongo walipochagua mwaka 1961 kuyajenga maparokia juu ya jumuiya ndogo zenye uhai, sala ilirudi tena nyumbani mwa watu. Leo shirika hukutana kwa zamu, juma hili kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Nimemwona mama mmoja aliyeomba zamu yake irukwe, kisha ikarukwa tena, kwa sababu alikuwa na viti viwili tu, na alikuwa amesikia maneno yaliyosemwa njiani baada ya sala kwa jirani yake aliyetoa chai bila sukari. Nimeona pia nyumba ya mtu mwenye cheo, siku ya Noeli: wazee wa shirika sebuleni na chupa zao, na watoto wa majirani mlangoni wakitazama sahani. Hakuna aliyewafukuza. Hakuna aliyewaita pia. Tulikuwa tumemaliza kusali rozari, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioketi.

Waraka ule kwa Wakorintho Paulo aliuandikia Efeso. Ndani yake anasema habari za kusafisha nyumba chachu ya kale, kwa kuwa Kristu ndiye Paska yetu, na karibu na mwisho anasema atakaa Efeso mpaka Pentekoste. Kwa hiyo wengi hufikiri aliuandika Paska ikiwa karibu, au ikiwa imepita juzi tu. Kisha zaja salamu. Akwila na Priska wawasalimu sana, pamoja na kanisa lililo nyumbani mwao. Biblia ya Kilatini iliyotumika kwa karne nyingi huongeza hapo kwamba Paulo mwenyewe alikuwa amefikia kwao, na hilo kanisa huliita kanisa la nyumbani. Ni jina lile Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliloichagulia jamaa ya Kikristu mwaka 1964.

Mkiunganisha mambo haya, mtaona nilichokiona mimi. Mtume aliyekuwa akiwakaripia Wakorintho kwa ajili ya meza zao, katika waraka ule ule alipeleka salamu za nyumba ambayo meza yake aliijua. Hatusomi kwamba nyumba hiyo ilikuwa kubwa. Kama walitumia duka lao, basi asubuhi mnunuzi wa mahema alikuja kupima ngozi pale pale ambapo usiku mkate ulikuwa umemegwa. Mafuta ya taa yalitoka katika faida ya kazi yao. Tena haikuwa nyumba ya raha. Baadaye Paulo aliandika kwamba wawili hawa walizitoa shingo zao kwa ajili ya uhai wake, na kwamba makanisa yote ya mataifa yanawashukuru.

Waraka ukavuka bahari. Paulo anawataja Stefana, Fortunato na Akaiko, watu wa Korintho waliokuwa wamefika kwake Efeso, na labda ndio waliouchukua. Ulisomwa kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi, mbele ya watu wote, katika nyumba zile zile zenye vitanda vitatu. Wale tisa waliusikia wakiwa ndani. Wapagazi waliusikia toka uani. Na msomaji alipofika kwenye salamu za mwisho, wengi uani waliyajua majina yale mawili, maana walikuwa wamekula kwao zamani, wakati wale wakiwa bado wageni mjini.