Gerson Fraga: nahodha wa Neymar aliyefika Msimbazi

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, wasikilizaji hutuuliza swali lilelile: kwa nini timu zetu zilete beki kutoka Brazil wakati vijana wa Machame, Marangu na Rombo wapo? Tumeona tulijibu kwa kufuata njia ya mchezaji mmoja, Gerson Fraga Vieira.

Mwaka 2009 Fraga, kijana wa Grêmio, alikuwa nahodha wa Brazil kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 nchini Nigeria. Kikosini walikuwamo Neymar, Philippe Coutinho, Casemiro na kipa Alisson. Brazil ikatolewa hatua ya makundi. Hao wanne dunia nzima inawajua. Nahodha wao alitafuta riziki hadi India, akacheza beki Mumbai City na baadaye ATK ya Kolkata. Mwaka 2019 akatua Simba na Wabrazil wenzake wawili, beki Tairone Santos na mshambuliaji Wilker Henrique.

Agosti ile Simba ikatolewa Ligi ya Mabingwa na UD Songo ya Msumbiji. Novemba kocha Patrick Aussems akafukuzwa, akaja Sven Vandenbroeck. Hapo ndipo wageni wengi hupotelea, maana kocha mpya huja na macho yake. Wilker na Tairone hawakudumu. Fraga alibaki, akitumika zaidi kama kiungo mkabaji mbele ya mabeki. Julai 12, 2020, nusu fainali ya Kombe la FA, ndiye aliyefungua mabao Simba ilipoifunga Yanga 4-1. (Wananchi mtusamehe, tunaeleza tu.) Msimu huo Simba ilibeba ligi na kombe hilo.

Mwanzoni mwa msimu uliofuata akaumia goti. Nafasi za wageni wakati ule zilikuwa 10 kwa klabu, zikaja kuwa 12 mwaka 2021. Klabu yenye mechi za Afrika haikai na majeruhi kwenye nafasi hiyo. Simba ikamsajili Taddeo Lwanga wa Uganda, Fraga akaondoka.

Kwa hiyo mgeni huletwa kwa sababu amekomaa tayari, na akiumia anabadilishwa. Kijana wetu anahitaji kuvumiliwa misimu miwili, mitatu, na viongozi wanaodaiwa ubingwa kila mwaka hawana uvumilivu huo. Kwetu Moshi kuna jingine. Tangu Polisi Tanzania ishuke daraja mwaka 2023, Uwanja wa Ushirika ulipoteza timu yake ya Ligi Kuu, na macho ya wasajili yakapungua. Mshambuliaji anaweza kuonekana kwa video ya bao inayozunguka WhatsApp. Beki aliyezuia bao, nani atamrekodi?

Mzazi, ukiletewa karatasi ya mtoto wako, jua haya. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji chini ya miaka 18 hafungwi mkataba unaozidi miaka mitatu. Kwa kawaida hauzwi nje ya nchi kabla ya umri huo, isipokuwa kwa sababu chache zilizoainishwa. Wakala lazima awe na leseni ya FIFA, na mkataba wake na mchezaji hauzidi miaka miwili. Pia uliza, kabla ya kusaini, nani atalipa matibabu goti likiumia, na mshahara utaendelea kwa muda gani. Jibu liandikwe humo humo kwenye mkataba.