Asilimia Moja ya Nini?

Kila mwaka, kufikia tarehe 1 Aprili, serikali ya Uganda huwasilisha bungeni bajeti pamoja na miswada ya kodi, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kati ya tarehe hizo mbili mambo mengi ya mwenye duka la rejareja huamuliwa, mara nyingi bila yeye kujua. Husikia tu redioni kwamba kodi fulani itaongezeka kwa asilimia moja au mbili, na kwamba hicho ni kiasi kidogo. Wanafunzi wangu, msilipokee neno “kidogo” kabla ya kuuliza: asilimia moja ya nini?

Mauzo ni fedha zote zinazoingia dukani. Faida ni kile kinachosalia baada ya kulipia bidhaa, umeme, nauli na pango. Kiswahili hutumia neno “kodi” kwa malipo ya serikali na vilevile kwa malipo ya nyumba ya kupanga, na sidhani kwamba mkanganyiko huo ni mbaya sana: kodi inayotozwa kwenye mauzo hufanana na ile ya mwenye nyumba, kwa kuwa hudaiwa hata mwaka ambao duka halikupata faida yoyote.

Tazameni jirani zetu wa Kenya. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipandisha kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3, kwa wenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 za Kenya kwa mwaka. Tuseme mama mmoja mwenye duka huko Busia huuza bidhaa za shilingi milioni 2 kwa mwaka, na katika kila shilingi 100 hubakiwa na faida ya shilingi 5. Faida yake ya mwaka ni shilingi 100,000. Kwa kiwango cha zamani angelipa 20,000. Kwa kiwango kipya anadaiwa 60,000. Aliyeambiwa atatoa tatu kwa mia anatoa sitini kwa mia ya riziki yake. Ni kweli kwamba sheria inamruhusu kuchagua kutozwa kwa faida, lakini hapo hana budi kuwa na hesabu kamili, na wengi hawana.

Sisi nasi tuliyaonja hayo. Tarehe 1 Julai 2018 tozo ya asilimia 1 ilianza kukatwa kwenye thamani ya miamala ya pesa za simu. Mchuuzi aliyetoa shilingi 500,000 ili akanunue bidhaa alikatwa 5,000 kabla hajauza hata kiberiti kimoja. Fedha hizo hazikuwa faida, zilikuwa mtaji. Aliyeuzungusha mtaji wake kila wiki alikatwa kila wiki. Wananchi walilalamika kwa ukali, na kabla ya mwaka kwisha tozo ikapunguzwa hadi asilimia 0.5, kwa kutoa fedha pekee.

Sisemi kwamba mdogo asilipe. Barabara, zahanati na mshahara wa mwalimu hutokana na kodi. Tena sheria yetu ya kodi ya mapato, ilivyorekebishwa mwaka 2020, ina jambo ninalolisifu. Mwenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 10 kwa mwaka halipi. Mwenye mauzo ya milioni 20 asiyeweka kumbukumbu hulipa 80,000. Aliyeziweka hulipa asilimia 0.4 ya kile kinachozidi milioni 10, yaani 40,000. Ni nusu kamili, kwa sababu ya daftari! Kijana wa sekondari anayejua kujumlisha na kutoa aweza kumwekea mzazi wake daftari hilo.

Ibara ya 152 ya Katiba yetu hairuhusu kodi yoyote kutozwa pasipo sheria ya Bunge. Kwa hiyo kila tozo hupita kwanza mbele ya mbunge wenu, na kamati ya Bunge inayoshughulikia fedha hupokea maoni kuhusu miswada hiyo. Mwezi wa Aprili 2024 wenye maduka mjini Kampala walifunga milango yao kuupinga utaratibu wa risiti za kielektroniki. Madai yao yalikuwa na uzito, ila sheria ilikuwa imekwisha kupitishwa miaka kadhaa nyuma.

Basi mswada wa mwaka huu ukitoka, mwombeni mzazi au jirani mwenye duka awaonyeshe mauzo na matumizi ya mwezi mmoja. Kokotoeni kodi inayopendekezwa, kwanza kama sehemu ya mauzo, kisha kama sehemu ya faida. Iandikeni hesabu hiyo katika barua ya ukurasa mmoja, naye mwenye duka aitie sahihi, ifike kwa mbunge wakati kamati ingali inapokea maoni.