Kokwa Tunazozitupa: Wito kwa Watu wa Olmotonyi na Jirani Zake

Enyi ndugu zangu wa Olmotonyi, wa Ngaramtoni na wa pande zote za miteremko ya Meru inayotazama njia ya Namanga, wenye mashamba na wenye vibanda, mama lishe na wauza juisi, wenye vitalu na wenye mitambo ya kukamulia mafuta ya parachichi, nawaleteeni jambo ambalo kwa udogo wake huenda likawachekesha, nalo ni kokwa. Nakusudia kokwa za maembe na za parachichi, na zile ndogo za mafyulisi na plamu, ambazo kila mmoja wetu huzitupa bila hata kuzitupia jicho.

Msimu wa maembe ukiwadia, malori yatokayo nyanda za joto huushusha mzigo wao Arusha mjini, na kutoka hapo matunda husambaa mpaka kwenye vibanda vyetu vya kando ya njia. Nyama huingia katika jagi, ganda na kokwa huingia katika kiroba, na kiroba hicho, jua likichwa, huishia jalalani kwa mwenye bahati ya kuwa na jalala, au mtaroni kwa asiyekuwa nalo. Mvua za vuli zikinyesha mtaro huziba, maji hupanda barabarani, nasi huilaumu halmashauri, ilhali mkono uliouziba mtaro ule ni wetu wenyewe.

Lakini mtaro ndio uchache wa madhara. Mwenye kutaka kuujua ukubwa wake na atwae kokwa ya embe iliyokwisha kukauka, aipasue ubavuni kwa kisu: ataona kwanza ganda gumu lenye nyuzi, kisha ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia, na ndani yake kiini cheupe kilichojipinda, na aghalabu, mahali pa kiini hicho, atakuta unga mweusi na tundu, na ndani ya tundu amejikunyata fukusi. Mdudu huyo hutaga yai juu ya embe lingali changa, buu lake likatoboa mpaka kwenye kokwa, na nyama ikajiponya nyuma yake, hata muuzaji na mnunuzi wasijue kwamba kuna mgeni. Kokwa ikitupwa, fukusi hutoka akiwa mzima, akajificha katika magamba ya miti kungojea maua ya msimu ujao. Basi mkulima wa tambarare za chini ya mlima aliyesafisha shamba lake peke yake, huku jirani zake wameziacha kokwa zikizagaa, amefanya kazi ya bure, na hapa ndipo jambo linapotoka katika hiari ya mtu mmoja likawa shauri la watu wote.

Matumizi ya kwanza ya kokwa zilizo nzima, na kwa rai yangu ndiyo bora kuliko yote, ni kuzirudisha ardhini. Mtu atakaye kupanda parachichi aina ya Hass, ile wanayoitaka wanunuzi wa nje, hahitaji kokwa ya Hass. Huotesha kokwa ya parachichi la kienyeji lililouzoea udongo wetu, na mche ukifikia unene wa penseli huubebesha kikonyo cha Hass, ukaanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne badala ya kungojewa kwa miaka mingi. Miembe nayo hubebeshwa vivyo hivyo. Kwa hiyo hakuna kitalu cha miche bora kisichohitaji kokwa nyingi za bei nafuu, na hizo ndizo tunazozifukia jalalani. Shida ni moja: kokwa hizi si mbegu za kuwekwa ghalani kama mahindi, kwani zikikauka zimekufa, na haki yake ni kufika kitaluni zingali mbichi, katika siku chache baada ya tunda kuliwa. Fauka ya hayo, kokwa ya parachichi lililolala chini penye unyevu yaweza kuchukua maradhi ya kuoza mizizi, ndiyo maana wataalamu hushauri ziloweshwe kwanza katika maji ya moto wa nyuzi 50 za Selsiasi kwa muda wa nusu saa, bila kuuzidisha moto huo, maana ukizidi utakuwa umeipika mbegu. Sisi tuna Chuo cha Misitu hapa hapa Olmotonyi, na kule Tengeru kuna watafiti wa mboga na matunda. Maarifa haya si ya kuagizwa kutoka ng'ambo, bali ni ya kuvuka barabara na kubisha hodi.

Kokwa zilizopitwa na wakati wake, pamoja na maganda magumu ya maembe na mafyulisi, huanikwa mpaka zikauke barabara, zikachomwa ndani ya pipa lisilopitisha hewa nyingi, kisha makaa yake husagwa, yakachanganywa na uji mzito wa muhogo na kufinyangwa kuwa mkaa mbadala. Serikali ilikwisha kuagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa wa miti ifikapo mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Sisemi kwamba kokwa zitautosheleza mji wa Arusha, la hasha. Nasema kila gunia la mkaa litokalo katika taka ni gunia ambalo halikutoka mlimani, na sisi tunaoishi mlangoni mwa msitu tunajua gunia hilo lina maana gani.

Hapa sina budi kutoa tahadhari, maana penye neno jema hapakosi mganga wa kuliuza. Viini vya fyulisi na plamu vina kitu ambacho kikitafunwa na kukutana na maji ya tumbo hutoa sumu ya sayanidi, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya mwaka 2016, kuhusu viini vya aprikoti vilivyo jamaa yake, kwamba mtu mzima akila zaidi ya vitatu vidogo vibichi kwa mpigo aweza kuvuka kiwango cha salama. Wanaoviuza kwa jina la vitamini ya kuponya saratani wanauza hatari, na wanaosaga kokwa ya parachichi wakaiita dawa ya sukari na shinikizo la damu hawana ushahidi wa kutosha wa kuwapa wagonjwa. Kiini cha embe, kwa upande wake, kina mafuta yanayokubaliwa kwa sheria ya Ulaya ya mwaka 2000 kutiwa kwa kiasi kidogo katika chokoleti. Lakini mafuta hayo ni kama kilo 10 tu katika kila kilo 100 za viini vikavu, na kuyatoa kwataka kiwanda cha kweli, kwa hiyo asije mtu akawachangisha fedha kwa ahadi hiyo.

Kuna watakaosema kwamba watu hawakusanyiki kwa ajili ya kokwa. Mwaka 1918, vita vikuu vilipokuwa vinaunguruma hata huku kwetu Afrika Mashariki, raia wa Marekani waliombwa wasitupe kokwa za mafyulisi, kwa kuwa makaa yake yalifaa kuchuja hewa katika vinyago vya kuwakinga askari na gesi ya sumu. Waliambiwa kwamba kokwa 200 zatosha kinyago kimoja, na watoto wa shule walizikusanya katika mapipa yaliyowekwa mitaani. Wale walisukumwa na vita. Sisi tunaombwa ndoo moja tu.

Ninachokitaka, basi, ni hiki. Kila kibanda cha juisi na kila mwenye kusindika matunda aweke ndoo ya pekee ya kokwa, isiyochanganywa na maganda wala chupa, na parachichi zisichanganywe na maembe. Vijana wa vitongoji wazipitie ndoo hizo kila baada ya siku mbili, nzima zipelekwe vitaluni, zilizotobolewa zichomwe siku hiyo hiyo pamoja na fukusi wake, na zilizosalia zianikwe. Wenye vitalu wawalipe wakusanyaji chochote, japo kidogo, kwani kazi isiyolipwa haimalizi msimu. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Nawaombeni tuliingize jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao, kabla malori ya maembe hayajaanza kupanda, na aliye na pipa kuukuu aje aseme hapo kwamba analitoa.