Ilani ya Wapanda Baiskeli wa Eastlands

Sisi ni wakazi wa Kaloleni, Makongeni, Jericho, Buruburu, Umoja, Kariobangi, Dandora, Kayole na Pipeline. Wapo kati yetu wanaokwenda kazini kwa baiskeli, lakini si hilo lililotukutanisha. Tunaendesha kwa sababu tunapenda: Jumapili alfajiri kabla makanisa hayajajaa, jioni watoto wakitoka shule, sikukuu matatu zikipungua Jogoo Road. Tumechoka kuulizwa burudani itatusaidia nini sisi ambao sewa zinafurika milangoni petu. Ilani hii ndiyo jibu letu. Pia ni notisi kwa wajumbe wa Bunge la Kaunti ya Nairobi.

Hatujajipa jina, na tumefanya hivyo makusudi. Nchi hii jina likishapatikana, mwenyekiti hayuko mbali, kisha muhuri, kisha akaunti ya benki, na mwaka haujaisha kuna mtu ameshachapisha mabango ya kuwania wadi. Hakuna mratibu wetu atakayegombea kiti mwaka 2027. Anayetaka kugombea aende kwa heri, na baiskeli yake abaki nayo.

Tunalosema ni hili: anayeendesha baiskeli katika mitaa hii ndiye mkaguzi wa kwanza wa huduma za mazingira, na bunge lenye kazi hiyo kisheria halijawahi kumwita atoe ushahidi.

Chukua mfano wa waya. Taka zikikaa bila kuzolewa, hatimaye mtu atazichoma. Tairi kuukuu likichomwa, iwe jaani, iwe penye wauza vyuma chakavu au barabarani siku ya maandamano, mpira wote unaisha na nyaya zilizokuwa ndani yake zinabaki. Jivu hupeperuka siku ya pili. Nyaya hukaa lamini hadi mvua izisombe. Ukipeleka baiskeli kwa fundi, atavua tairi, apitishe kidole ndani taratibu, kisha achomoe kwa koleo kipande cheusi kilichopinda, kifupi kuliko ukucha, akutilie kiganjani bila kusema neno. Fundi wa pancha anajua barabara ipi haijapitiwa na lori la taka, kwa kuangalia tu wateja wake wanatoka upande gani. Habari hiyo haihitaji mshauri wa kulipwa. Inahitaji mjumbe wa kamati ya mazingira akae kwenye benchi la fundi saa moja.

Au vifuniko vya mitaro. Vimeng'olewa vikauzwa kwa kilo, na mahali pake majirani wamesimika tawi la mwarubaini au tairi bovu ili mtu asitumbukie. Mwenye gari refu hupita juu ya shimo hilo asihisi kitu. Anayepita na gurudumu jembamba, usiku, taa ya barabarani ikiwa imekufa, hupelekwa hospitali. Mvua ikinyesha ni mbaya zaidi, kwa maana maji meusi huficha shimo na tawi pamoja.

Sasa tuitazame sheria, kwa sababu tunaambiwa kila mara kwamba taka ni jambo zito na baiskeli ni mchezo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia madampo, maji ya mvua, barabara za kaunti na taa zake, na halikuishia hapo: limezipa pia bustani na viwanja vya burudani. Orodha ni moja. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba taka zitangulie na watoto wasubiri. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 185 kinalipa bunge la kaunti mamlaka ya kuwasimamia watendaji. Nairobi ina wadi 85, kila moja na mjumbe aliyechaguliwa. Wajumbe hao wana kamati na mamlaka ya kumwita waziri wa kaunti ajieleze, na ripoti ya Mkaguzi Mkuu huwafikia kila mwaka. Wanachokosa ni kutoka nje.

Dampo la Dandora ndilo kipimo chetu. Lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Mwaka 2007 utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa mjini, Gigiri, uliwapima watoto 328 wanaoishi karibu na dampo, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi damuni kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru dampo lifungwe na kuhamishwa ndani ya miezi sita. Miezi sita ilipita, na malori yakaendelea kupanda mlima ule ule wa taka. Upepo ukigeuka jioni, moshi wake unafika Kariobangi na Korogocho, na mzazi anamwita mtoto ndani akiwa ndiyo kwanza amepanda baiskeli. Mtoto huyo haelewi habari za mahakama. Anajua tu kwamba leo tena hachezi.

Tunauliza: amri hiyo ya mahakama bunge la kaunti liliifuatilia vipi? Tunajua udhuru utakaotolewa. Kuanzia Machi 2020 hadi Septemba 2022 kazi za taka na barabara zilikuwa mikononi mwa NMS (Nairobi Metropolitan Services), chombo cha serikali kuu, na wajumbe walilalamika kwamba hawana wa kumhoji. Sawa. Lakini NMS ilivunjwa na kazi zikarudi City Hall. Tangu hapo gavana ni mmoja, bunge ni lile lile lililochaguliwa 2022, na udhuru umeisha muda.

Wazee wetu hawakuachiwa mitaa hii ikiwa hivi. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kwa mpango wa bustani: nyumba za mawe zimezunguka uwanja, ukumbi uko katikati, miti kila upande. Ukumbi ule ndimo wanasiasa wa kupigania uhuru walimohutubia, na watu wakauita bunge. Ofafa Maringo na Ofafa Jericho zimebeba jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953. Buruburu ilianza kujengwa mwaka 1973, awamu kwa awamu, kila koti, yaani kundi la nyumba zinazozunguka ua mmoja, na nafasi yake ya watoto. Serikali ya kikoloni haikuwapenda Waafrika, hilo halina mjadala, ila hata mchoraji wa ramani ya Kaloleni alijua kwamba mfanyakazi ana mtoto na mtoto anahitaji mahali pa kukimbia. Nenda leo Umoja Innercore au Pipeline. Gorofa zimesogeleana kiasi kwamba nguo zinaanikwa gizani, na uchochoro uliobaki ndio njia ya miguu, mtaro, jaa na uwanja wa michezo kwa pamoja. Viwanja vilivyokuwa wazi kwenye ramani vina uzio wa mabati, na ndani ya uzio kuna kituo cha kuoshea magari. Tunataka ramani za awali zitolewe hadharani, wadi kwa wadi, ili kila mtu aone kilichokuwa cha umma na nani anakikalia.

Hatusemi hakuna kilichofanyika. Dandora kuna makoti ambayo vijana waliyafyeka na kuyazoa taka, wakapanda nyasi, wakapaka rangi kuta na kuwatoza ada ndogo wenye magari wanaoegesha. Korogocho vijana wa kikundi cha Komb Green waliuondolea taka ukingo wa mto wakatengeneza bustani mahali watu walipokuwa wakiogopa kupita mchana. Walianza kwa reki na mikokoteni. Kwa hiyo mtu asituambie tatizo ni tabia za wakazi.

Kuhusu barabara. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, na ndani yake ikaahidi 20% ya bajeti ya ujenzi wa barabara iende kwa wanaotembea, wanaopanda baiskeli na usafiri wa umma. Outer Ring Road ilipopanuliwa ilipata njia ya baiskeli kweli. Ipande leo. Utakuta bodaboda zinakujia uso kwa uso, lori limeegeshwa, rundo la taka, marundo ya mitumba, na mama anachoma mahindi. Hapa tuelewane. Hatutaki askari wa kanjo waje kuvunja vibanda kwa jina letu. Yule mama ni jirani yetu na mahindi yake tunayala. Aliyejenga njia bila kujenga soko ndiye wa kuulizwa. Lakini rundo la taka halina familia ya kulisha, na lori lina mwenyewe. Hivyo viwili viondoke.

Ukiuliza nani wa kuviondoa, mamlaka ya barabara za mijini itakuelekeza kaunti, kaunti itakurudisha kwa mamlaka hiyo, na kampuni ya maji itasema mtaro si wake. Kwa hiyo dai letu la kwanza ni dogo: kila barabara ya Eastlands iwe na kibao chenye jina la ofisi inayoisimamia na siku ambayo taka zake huzolewa. La pili: kamati ya mazingira na kamati ya uchukuzi zifanye ukaguzi wa pamoja Eastlands kila robo mwaka, kwa baiskeli, na ripoti isomwe bungeni. Baiskeli tutawaazima, hata zenye viti laini. La tatu: barabara moja, kwa kuanzia Mumias South Road ya Buruburu, ifungwe kwa magari Jumapili moja kila mwezi kuanzia alfajiri hadi saa sita mchana. Kigali inafanya hivyo tangu 2016, na baadaye ikafikisha mara mbili kwa mwezi, na Bogotá imefunga barabara zake kila Jumapili tangu miaka ya 1970. Wala hatuombi lami mpya, tunaomba tu iliyopo iachiwe watoto kwa saa sita. La nne: ile 20% ionekane kwenye bajeti kwa jina na kwa shilingi, na mjumbe atakayepitisha makadirio yasiyokuwa nayo aeleze sababu mbele ya wadi yake.

Hatutangoja kuitwa. Sheria ya 2016 ya kupata habari inaitaka ofisi ya umma imjibu mwananchi ndani ya siku 21. Tutaandika barua, tutahesabu siku, na majibu, au ukosefu wa majibu, tutayabandika kwenye kuta za vibanda vya mafundi wa baiskeli. Makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Tutakuwa kwenye vikao vya kutoa maoni tukiwa tumeyasoma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuliomba bunge lishughulikie jambo, na ombi letu la kwanza, kuhusu Dandora, linakusanya saini sasa.

Msafara wetu hutoka Jumapili ya kwanza ya mwezi. Tunakwenda polepole, kwa mwendo wa mtoto wa mwisho, na kila tunapokuta jaa, shimo au taa iliyokufa tunasimama, tunapiga picha, tunaandika jina la barabara na wadi. Hakuna mashindano wala nguo za kubana. Baiskeli ya kukodi inakubalika, na asiye na baiskeli atembee nasi hadi kona ya mtaa wake atuonyeshe uchafu anaoujua. Mama, baba, mzee wa mtaa, kijana wa stendi, karibuni. Njoo na kitambulisho kwa ajili ya saini, na kabla hujatoka nyumbani uliza jina la mjumbe wa wadi yako na namba yake ya simu.