Uchovu Si Uvivu



Mtu akiinuka kitandani baada ya kuugua, huambiwa neno moja kotekote: jikaze. Atembee, ashike jembe, arudi kwaya. Kwa maradhi mengi ushauri huo ni mwema, kwani misuli isiyotumika hudhoofu. Lakini wako wenzetu waliopatwa na Uviko-19 ambao kila wajikazapo huanguka zaidi, na juu ya maradhi yao wamebebeshwa jina la wavivu. Jina hilo ndilo lililotufanya tuandike.

Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa hali ya dharura ya Uviko imekwisha. Dharura ilikwisha, ugonjwa haukumwacha kila mtu. Tangu Oktoba 2021 Shirika hilo lilikuwa limeeleza maana ya Uviko wa muda mrefu: dalili ambazo kwa kawaida huwapo miezi 3 tangu ugonjwa uanze, zikadumu walau miezi 2, wala hazielezeki kwa ugonjwa mwingine. Zitajwazo mara nyingi ni uchovu mzito, kukosa pumzi na akili kuwa nzito.

Uchovu huo watoka wapi? Ndani ya chembe za mwili mna sehemu ndogo mno ziitwazo mitokondria, ambazo kwa msaada wa oksijeni hugeuza chakula kuwa nguvu, kama jiko ligeuzavyo mkaa kuwa moto. Januari 2024 watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya wagonjwa 25 na watu 21 wenye afya. Wote waliendesha baiskeli ya maabara kwa muda wa kama robo saa, wakatolewa vipande vidogo vya msuli kabla ya zoezi na siku moja baadaye. Kwa wagonjwa, mitokondria zilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Baada ya zoezi zikadhoofu zaidi, na msuli wenyewe ukaonekana umeumia kuliko wa wenzao. Mkaa umo, jiko ndilo bovu. Ni kweli waliochunguzwa ni wachache, lakini matokeo yanaafikiana na yale ambayo wagonjwa wamekuwa wakiyasema bila kusadikiwa.

Kinachotupotosha sisi watazamaji ni kwamba madhara hayaji papo hapo. Aghalabu huja baada ya saa 12 hadi 48, yakadumu siku kadhaa au hata majuma. Twamwona mama akipanga maua altareni Jumapili. Jumanne, ashindwapo kuinua sufuria, hatupo.

Je, basi mazoezi ni adui? La hasha. Utafiti wa England na Wales uliotolewa Februari 2024, juu ya watu wazima 585 waliokuwa wamelazwa hospitali, ulionyesha kuwa mazoezi ya kikundi ya majuma 8 yaliyosimamiwa na wataalamu yaliwapa nafuu kuliko huduma ya kawaida. Wagonjwa hawafanani. Ndiyo maana kabla ya zoezi lolote hatuna budi kumwuliza mtu: siku ya pili huwaje? Akisema huishiwa nguvu kabisa, asiongezewe mazoezi kila juma kwa kufuata ratiba. Apumzike kabla ya kuchoka, agawe kazi zake, amenye viazi akiwa ameketi.

Mwajiri amwondoaye kazini mtu wa namna hii kwa kosa la uzembe, bila kumpa kwanza nafasi ya kazi nyepesi, amemdhulumu. Nasi tusijitoe. Katika baadhi ya jumuiya zetu ndogo ndogo asiyefika kwenye kazi za pamoja huandikwa jina na kutozwa faini. Twawaomba wenyeviti, kabla ya kulisoma tena daftari hilo, wafike nyumbani kwa kila aliyeandikwa, nao wafike siku ya kazi, si Jumapili.